Kujiuguza Nyumbani Baada ya Kuwekewa Kifaa cha Kuchochea Ubongo

Kifaa cha kuchochea ubongo, ambacho hospitalini huitwa DBS, hupeleka umeme mdogo ubongoni ili kutuliza kutetemeka na kukakamaa, hasa kwa wenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili. Kina sehemu tatu. Kuna elektrodi, uzi mwembamba wenye ncha za chuma, ulioingizwa kupitia tundu dogo la fuvu hadi ndani kabisa ya ubongo, upande mmoja au pande zote mbili. Kuna waya wa kuunganishia, unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani, nyuma ya sikio, shingoni, mpaka kifuani. Na kuna betri, kisanduku bapa ambacho kwa kawaida hukaa chini kidogo ya mtulinga.

Wagonjwa wengi wanaotoka hospitali huogopa zaidi ile sehemu iliyo ubongoni. Ukishafika nyumbani, cha kuogopea zaidi ni ngozi. Elektrodi imekwishafungwa mahali pake, na hakuna utakachofanya nyumbani kuisaidia zaidi ya kutoanguka. Ngozi iliyofunika waya na betri ndiyo kinga pekee kati ya kifaa na vijidudu vya nje. Vijidudu vikifika kwenye kifaa hujijengea utando ambao antibiotiki haziupenyi vizuri, na mara nyingi daktari hulazimika kutoa sehemu ya kifaa au chote, kusubiri miezi, kisha kuanza upya. Kwa hiyo wiki 6 za mwanzo ni za kulinda ngozi. Kutafuta nafuu ya kutetemeka au kukakamaa kuna wakati wake, na unakuja baadaye.

Kabla ya kuondoka hospitali

Usitoke wodini bila kujua mambo haya, na anayekuuguza ayaandike kwenye karatasi:

1. Kifaa kimewashwa au bado kimezimwa? Mara nyingi huachwa kimezimwa kwa wiki 2 hadi 4.
2. Upasuaji umekwisha, au betri itawekwa siku nyingine? Timu nyingine huweka elektrodi kwanza, na betri siku chache au wiki chache baadaye.
3. Betri ni ya kuchaji au ya kubadilisha?
4. Nyuzi au pini za mshono zitatolewa siku gani? Kwa kawaida ni kati ya siku ya 10 na ya 14.
5. Dawa zako zote, kila moja na saa yake, na zipi zimesimamishwa. Kama ulikuwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, uliza tarehe kamili ya kuzirudia. Usiirudie hata moja kwa kukisia.
6. Namba ya simu ya timu iliyokufanyia upasuaji, ya mchana na ya usiku.

Chukua pia kadi ya kifaa, yenye aina na namba yake. Itembee nawe kila uendako, kwa sababu daktari asiyekujua hawezi kuamua kama kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku kali, ni salama kwako bila kuiona.

Siku za mwanzo

Lala chali au nusu chali, kichwa kikiwa kimeinuliwa kiasi cha nyuzi 30. Mito miwili au mitatu iliyopangwa kuanzia mabegani inatosha. Usiweke mito chini ya kichwa peke yake, maana shingo itakunjwa na waya utavuta. Usilalie upande wenye betri wala upande wenye mshono.

Uso unaweza kuvimba. Siku ya pili au ya tatu uvimbe wa kichwani hushuka kwenye paji la uso na kope, na jicho moja linaweza kukaribia kufumba. Huwatisha watu, lakini kama hakuna maumivu makali, wekundu wala homa, huisha wenyewe ndani ya siku chache. Ganzi kuzunguka mshono wa kichwani ni kawaida na inaweza kudumu miezi. Nyuma ya sikio na ubavuni mwa shingo utasikia maumivu kama ya kupigwa, kwa sababu hapo ndipo daktari alipopitisha kifaa cha kutoboa njia ya waya chini ya ngozi. Wengi husema sehemu hiyo na ya betri huuma kuliko kichwa.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha kwa watu wengi: gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini, au mwenye uzito chini ya kilo 50, aulize kipimo chake. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache mpaka daktari wa upasuaji aziruhusu, kwa kuwa huongeza hatari ya kuvuja damu, na mahali pa kuvuja hapa ni ubongoni. Ukipewa dawa kali za maumivu, anza siku hiyohiyo kujikinga na choo kigumu: maji ya kutosha, vyakula vyenye nyuzinyuzi, na dawa ya kulainisha choo kama umeandikiwa. Mgonjwa wa Parkinson tayari ana tumbo zito, na kujikamua chooni huongeza msukumo kichwani.

Wazee wanaweza kuchanganyikiwa kidogo siku za kwanza, hasa usiku. Acha taa hafifu ikiwaka, weka saa mahali inapoonekana, na mtu anayemfahamu akae karibu. Kuchanganyikiwa kunakopungua siku hadi siku hakutishi sana. Kukiongezeka, au kukianza ghafla baada ya siku kadhaa za kuwa sawa, piga simu: uvimbe unaweza kutokea kuzunguka elektrodi siku nyingi baada ya upasuaji, na damu iliyovujia ubongoni inaweza kuonekana vivyo hivyo.

Mishono

Kwa kawaida una mishono kichwani, nyuma ya sikio au juu yake, na kifuani. Ule wa nyuma ya sikio husahauliwa kwa sababu mgonjwa hawezi kuuona. Mtu mwingine auangalie.

Kila siku, saa ileile, kwenye mwanga mzuri:

1. Nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 na uikaushe kwa taulo safi. Anayekuuguza anawe pia, hata kama ataangalia tu.
2. Angalia kila mshono kwa mpangilio uleule, kuanzia juu kwenda chini. Piga picha kwa simu. Wekundu unaoongezeka kidogokidogo hauonekani kwa macho yanayouona kila siku, lakini picha ya leo ukiilinganisha na ya juzi husema kweli.
3. Kwa mgongo wa mkono, pima joto la ngozi juu ya betri na ulilinganishe na upande wa pili wa kifua. Joto la upande mmoja tu ni dalili.
4. Pima joto la mwili.
5. Kama kuna bandeji, ibadilishe kwa jinsi ulivyoelekezwa. Ikilowa ghafla, ibadilishe mara moja. Bandeji mbichi ni makao ya vijidudu.

Usipake kitu. Si mafuta, si spiriti, si krimu ya antibiotiki, si dawa ya asili, isipokuwa kile ambacho timu yako imekuagiza. Usibandue magamba. Mshono utawasha sana kuanzia wiki ya pili, nao ni uponyaji. Weka kitambaa safi cha baridi pembeni ya mshono, si juu yake, na kata kucha mapema. Watu hujikuna usingizini bila kujua. Kwa mwenye tabia hiyo, glavu laini za pamba usiku husaidia kuliko maonyo.

Kuosha nywele kunategemea ruhusa ya timu yako. Wengine huruhusu baada ya siku 2 au 3, wengine husubiri nyuzi zitoke. Ukiruhusiwa, tumia maji ya vuguvugu na shampuu ya watoto. Acha povu lipite juu ya mshono, usisugue kwa kucha, suuza vizuri, kisha kausha kwa kubonyeza taulo safi taratibu. Usitumie mashine ya kukaushia yenye joto kali: ngozi yenye ganzi haitakuambia kwamba inaungua. Rangi ya nywele na dawa za kulainisha nywele zisubiri mpaka mshono uwe umefunga kabisa na daktari amesema sawa. Kujiloweka kwenye beseni au bwawa subiri wiki 4 hadi 6, na daktari awe ameukagua mshono.

Ngozi huharibiwa zaidi na msuguano wa kila siku, na huu ndio unaopuuzwa kuliko yote. Mkono wa miwani hupita juu ya waya nyuma ya sikio. Kama unagusa mshono, vaa miwani kwa muda mfupi tu, au ufunge mkono huo kwa pamba laini, au uupeleke kwa fundi miwani aupanue. Kofia iwe ya pamba, pana, na ifuliwe kila siku. Kofia ya kubana husugua vile vivimbe viwili vidogo vya vifuniko vya matundu ya fuvu, na ngozi ya hapo ni nyembamba. Mkanda wa sidiria na mkanda wa gari hupita juu ya betri. Weka kitambaa laini kilichokunjwa katikati, lakini usiache kufunga mkanda wa gari. Begi lisivaliwe bega la upande huo.

Majimaji machache ya rangi ya njano angavu siku za mwanzo si usaha. Usaha ni mzito, una rangi ya maziwa, kijani au kahawia, na mara nyingi hunuka. Juu ya betri panaweza kujaa maji pakawa kama puto laini lisilouma. Mara nyingi mwili huyafyonza wenyewe. Hapa pana kosa moja la hatari: kumwendea mhudumu wa karibu ayafyonze kwa sindano. Sindano hupeleka vijidudu moja kwa moja kwenye kifaa na inaweza kutoboa waya. Waone timu yako tu.

Bega, shingo na betri

Kwa wiki 4 hadi 6 usiinue kitu kinachozidi kilo 2 hadi 4 kwa mkono wa upande wa betri, na usipandishe kiwiko juu ya bega. Hiyo ina maana kutoanika nguo kwenye kamba ya juu, kutosukuma samani, kutomnyanyua mtoto. Waya bado haujashikwa na nyama, na ukivutwa unaweza kuhama au kukatika.

Lakini kuufunga mkono kifuani na kuuogopa ni kosa la pili, na linatokea sana. Bega lisilotumika huganda ndani ya wiki chache, hasa kwa mgonjwa wa Parkinson. Mara 3 au 4 kwa siku, kunja na kunjua vidole, kunja kiwiko, kisha zungusha mkono taratibu ukiwa umening'inia, bila kupita usawa wa bega. Shingo nayo igeuze polepole kulia na kushoto mpaka inapoanza kuvuta, uishikilie hapo sekunde 5, uirudishe. Shingo iliyoachwa bila kugeuzwa hujenga kovu gumu kuzunguka waya, na waya hubaki umekazwa kama kamba ngumu chini ya ngozi.

Usiichezee betri kwa vidole. Mtu akiwa na mawazo huanza kuisukuma na kuizungusha, nayo ikizunguka hujiviringishia waya mpaka ivute au ikate. Ukiona betri imehama, imegeuka, au kifaa kimeacha kufanya kazi, toa taarifa.

Dawa, na nafuu inayodanganya

Watu wengi huamka baada ya upasuaji wakitetemeka kidogo kuliko zamani, au wakitembea vizuri zaidi, ilhali kifaa hakijawashwa. Hiyo ni nafuu ya kweli lakini ya kupita: jeraha dogo na uvimbe kuzunguka ncha ya elektrodi huzuia kwa muda zile ishara mbovu ambazo umeme utakuja kuzituliza. Uvimbe ukipungua, siku au wiki chache baadaye, dalili hurudi. Familia isiyojua hili hudhani upasuaji umeshindikana. Haujashindikana. Tiba yenyewe ya umeme bado haijaanza.

Kwa sababu ya nafuu hiyo, usipunguze dawa za Parkinson mwenyewe. Kuacha levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ghafla kunaweza kuleta kukakamaa kukali, homa kali na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua. Dawa zinywewe kwa saa zake. Ukipata kichefuchefu, mwambie yeyote anayekuandikia dawa kwamba una Parkinson: metoklopramidi, proklorperazini na haloperidoli huzidisha ugonjwa huu.

Kuzuia kuanguka

Anguko la kichwa linaweza kuvunja elektrodi au kufungua mshono, na mgonjwa anayejisikia vizuri kupita kiasi huanguka zaidi ya anayejua kwamba ni dhaifu. Ondoa mikeka na nyaya sakafuni. Weka taa ya usiku kati ya kitanda na choo, kiti chenye mikono bafuni, na viatu vinavyofunika kisigino, si ndara. Kabla ya kusimama, kaa ukingoni mwa kitanda dakika 1 au 2. Kula umekaa wima, kwa tonge dogo, kama kumeza kumekuwa kugumu. Gari usiendeshe mpaka daktari akuruhusu na sheria ya ulipo ikuruhusu.

Piga simu au kimbia hospitali

Piga simu ya dharura mara moja kwa degedege, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, mdomo kupinda, kushindwa kusema, kichwa kuuma ghafla kuliko maumivu yote ya nyuma, kutapika mfululizo, usingizi mzito asioamshika, au homa pamoja na shingo kukakamaa. Mawazo ya kujiua ni dharura ya daraja hilohilo.

Piga simu kwa timu yako siku hiyohiyo, usisubiri kliniki, ukiona joto la 38 au zaidi, wekundu unaotanuka, usaha, mshono kufunguka, au sehemu ya waya au betri kuonekana. Ngozi inayong'aa na kuwa nyembamba juu ya kifaa, hata bila kidonda, nayo ipigie simu. Kinachoweza kurekebishwa leo kwa operesheni ndogo huwa kikubwa wiki ijayo. Usianze antibiotiki za kununua mwenyewe: huficha dalili na kumnyima daktari nafasi ya kupima kijidudu.

Siku ya kuwashwa kifaa

Huenda ukaambiwa uje bila dozi ya asubuhi ya dawa za Parkinson, ili dalili zionekane wazi. Uliza kabla. Mtaalamu atajaribu kila ncha ya elektrodi, akipandisha umeme kidogo kidogo, huku akipima mkono, mwendo na usemi. Kwa Parkinson mara nyingi wanaanzia kwenye mapigo 130 hivi kwa sekunde, kila pigo likidumu mikrosekunde 60. Mchonyoto mkononi au usoni unaodumu sekunde chache ni kawaida. Ukibaki, sema.

Usitegemee kumaliza siku hiyo. Kutetemeka huitikia ndani ya sekunde au dakika. Kukakamaa na uzito wa mwili huchukua dakika hadi saa, mwendo huchukua muda zaidi, na distonia, yaani misuli kujikaza na kujipinda yenyewe, inaweza kusubiri wiki au miezi. Kupatanisha umeme na dawa huchukua miezi 3 hadi 6 na ziara kadhaa. Ndipo dawa zinapopunguzwa, na anayezipunguza ni daktari.

Kinachomsaidia mtaalamu kuliko maelezo marefu ni daftari lenye safu nne: saa, dawa uliyomeza, hali ya mwili, na tatizo. Andika kila baada ya saa 2 kwa siku 3 kabla ya kila ziara. "Saa 4 asubuhi, mguu wa kulia unagandia mlangoni" ina thamani kuliko "sijisikii vizuri".

Baada ya kila marekebisho, angalia ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili, kuyumba, mdomo kuvutwa, au mwili kuchezacheza bila kutaka. Kama umepewa ruhusa ya kubadili kiwango kwa rimoti, rudi kwenye kiwango cha awali na upige simu. Kama huna ruhusa, piga simu tu.

Familia iangalie pia tabia. Umeme unaweza kubadili hisia na mwenendo wa mtu: kukosa usingizi huku akiwa na furaha kupita kiasi, kutumia fedha ovyo, kucheza kamari, hasira za ghafla, au kinyume chake, kukosa hamu ya kitu chochote. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni. Hizi ni dalili za kitabibu na marekebisho huzisaidia, kwa hiyo msizigeuze ugomvi wa nyumbani.

Umeme, sumaku na maji

Diathemi, ile tiba ya mawimbi ya joto kwenye misuli, ni marufuku kabisa, kifaa kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Nishati yake hupita kwenye waya na kuunguza ubongo kwenye ncha ya elektrodi. Mwambie kila mtaalamu wa mazoezi ya viungo na kila daktari wa meno kabla hajakugusa, na umwonyeshe kadi. MRI inawezekana kwa vifaa vingi, lakini kwa masharti ya kifaa chako tu, na kifaa huwekwa katika hali maalumu kwanza. Kabla ya upasuaji mwingine wowote, daktari ajue kwamba una kifaa hiki, kwa sababu mashine ya umeme ya kuchomea mishipa ya damu inaweza kukiharibu.

Simu ya mkononi iweke angalau sentimita 15 mbali na betri, usiitie mfuko wa shati upande huo. Kwenye uwanja wa ndege, onyesha kadi na omba upekuliwe kwa mkono. Kile kifaa cha kutafuta chuma kinachopitishwa mwilini kisishikwe juu ya betri. Kulehemu kwa umeme acha mpaka uzungumze na timu yako.

Kuogelea kunahitaji onyo la pekee. Mwaka 2019 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliripoti wagonjwa 9 wa Parkinson waliokuwa waogeleaji wazuri, ambao baada ya kuwekewa kifaa walishindwa kuratibu mikono na miguu majini. Hata ukiwa mshindi wa zamani, mara ya kwanza ingia kwenye maji ya kina kifupi, ukiwa na mtu anayeweza kukutoa.

Kuchaji na kuisha kwa betri

Kama betri yako ni ya kuchaji, anza pale timu itakapokuambia, uvimbe ukiwa umepungua, kwa kuwa chaja haishiki vizuri juu ya ngozi iliyovimba. Chagua siku na saa maalumu, chaji kabla haijashuka sana, na weka chaja juu ya nguo nyepesi. Chaja hupata joto. Usilale usingizi ikiwa mwilini, na ikichoma iondoe upumzishe ngozi. Betri ya kubadilisha, isiyo ya kuchaji, hudumu kwa kawaida miaka 3 hadi 5, ikitegemea nguvu ya umeme unaotumika.

Angalia kiwango cha betri kwa rimoti mara moja kwa wiki. Dalili zote zikirudi kwa pamoja na ghafla, angalia kwanza kama kifaa kimezimika kabla ya kulaumu dawa. Betri ikiisha kabisa kwa mgonjwa wa Parkinson aliyezoea umeme kwa miaka, anaweza kukakamaa mwili mzima na kupandisha homa kali, na hapo ni hospitali siku hiyohiyo, kadi mkononi.